Salamu za Mapumziko

Mwezi uliopita tulimzika Tonton Saidi, yaani Mjomba Saidi, kama sote tulivyomwita. Kutoka makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa msikiti, wanaume upande wao na sisi upande wetu, na binti mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza kama ni kweli marehemu alikuwa mchezaji wa mpira. Nikamwambia hapana, hakuwahi kucheza, magoti yake yalikuwa mabovu tangu ujana, alikuwa mtangazaji. Nikamweleza kwamba zamani, kabla hajazaliwa, Jumapili alasiri Waswahili wa Schaerbeek, mtaa wetu huku Ubelgiji, walikuwa wakizima sauti ya televisheni na kufungua redio, ili mtu huyu awasimulie mechi iliyokuwa ikichezwa mbele ya macho yao. Akatabasamu kwa adabu, kama wanavyotabasamu vijana tunapowaambia kwamba tulikuwa tunapiga simu kwa sarafu, kisha akarudi kwenye simu yake. Nilifika nyumbani nimeudhika, na bado nimeudhika, ndiyo maana naandika. Habari za nilikozaliwa na nani alikuwa shangazi wa nani nitaziruka. Waliokwisha kunisikia nikizisimulia watanishukuru. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, ule wa 1996, mwaka ambao Tonton Saidi alinifanya mpokeaji wa salamu.

Redio yetu haikuwa yetu. Ilikuwa redio ndogo ya mtaa, ghorofani juu ya duka la mkate la Mturuki mmoja, na kila jamii ilikuwa na saa zake. Sisi tulikuwa na Jumapili alasiri. Aliyetukodia saa hizo ni Papa Kalenga, Mkristo wa Lubumbashi, mwenye kwaya yake ya kanisani na tumbo lake la heshima. Chumba kilinukia mkate mtamu na vumbi la mablanketi, kwa sababu kuta zote zilitundikwa mablanketi mazito ili sauti isirudi. Katikati palikuwa na meza, juu ya meza maikrofoni mbili na simu, na mbele ya meza televisheni ya Papa Kalenga pamoja na dekoda yake, sauti imezimwa. Haki za kutangaza mechi zile hatukuwa nazo, na kwa bahati nzuri wenye haki hawakujua Kiswahili. Tonton Saidi alitangaza akiwa amesimama, amevaa tai, mkono mmoja mfukoni. Alisema aliyeketi huuona mpira tu, aliyesimama huuona uwanja. Nyumbani Bujumbura alikuwa ametangaza miaka mingi, uwanjani kwelikweli, jua likimchoma utosi; hapa alfajiri alikuwa akisafisha mabehewa kule stesheni ya Gare du Midi, na wenzake wa kazini hawakujua kwamba mtu yule mwenye ndoo ana sauti inayongojwa na watu. Wasikilizaji wetu hakuwaambia kamwe kwamba yuko chumbani. Aliposema leo kuna upepo mkali, maana yake alikuwa amefungua dirisha. Majina ya timu za Kibelgiji aliona yanawachosha bure akina mama, akayatupa: kulikuwa na Timu ya Bandarini, kulikuwa na Timu ya Mkaa, na kulikuwa na Timu ya Nyumbani, yaani ya mji wetu huu, na kila mtu alimwelewa.

Kipindi cha kwanza na cha pili vilikuwa vyake. Mapumziko yalikuwa yangu. Watu walipiga simu, mimi nikawapokea moja kwa moja hewani, wakasema majina yao na ya wale wanaowasalimu, bila kumsahau fulani na fulani, na wote wanaowafahamu. Wageni waliosikia hayo waliona ni porojo. Lakini mwaka ule nyumbani kulikuwa kumeharibika kwa vita; watu walilala Bujumbura wakaamkia Uvira, wengine Kigoma, wengine hawakujulikana wameamkia wapi. Kila kipindi tulikirekodi, na kaseti zilisafiri ndani ya masanduku ya wasafiri mpaka Buyenzi, mtaa wetu kule Bujumbura. Mtu akisalimia hewani, ndugu zake kule walijua kwamba mpaka Jumapili ile alikuwa mzima. Ndiyo maana Tonton Saidi alinikemea siku ya kwanza nilipowaharakisha wapigaji. Aliniambia, "Mwaju, usiende mbiombio. Kila jina ni mutu, na yule mutu kuna mwenye anamungoja." Alikuwa na sharti moja tu, nalo hakulivunja wala hakuruhusu livunjwe: mwenye maikrofoni hasalimii watu wake na wala hasalimiwi. Alisema ni ufidhuli, sawa na mpishi kujipakulia nyama mbele ya wageni. Wasikilizaji walilijua sharti hilo na waliliheshimu.

Aliokuwa anajinyima kuwasalimia ni wawili, mke wake Zuhura na mwanawe Idi, wa miaka kumi na mitano. Alikuwa ametangulia peke yake, na tangu hapo alikuwa akiwangoja wapate ruhusa ya kumfuata. Nilikuwa nikienda kwake mara nyingi baada ya kipindi, mimi na Papa Kalenga na yeyote mwenye njaa. Alikuwa na vyumba viwili. Katika kile cha ndani kulikuwa na kitanda cha Idi, alichokinunua kwenye soko la Jumapili pale Gare du Midi na kukileta kwa tramu vipandevipande, akigombana na madereva. Kilikuwa bado kimefunikwa nailoni, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Zuhura alikuwa akimtumia ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa kila msafiri anayekubali kunuka njia nzima. Tonton alizikaanga kwa nyanya na mawese, jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio kwa sababu ya harufu, naye akagonga sakafu kwa kisigino kumjibu, kisha tukala. Wakati wa kula alitusimulia simu za Idi. Idi alikuwa mkali. Alisikiliza kaseti zote na kumhoji baba yake kama refa: papa, ulisahau kusema nani alitoa pasi, papa, hiyo haikuwa kona. Tonton alizirudia lawama hizo kwa kila mtu, hata kwa wasiopenda mpira. Sijapata kumwona mtu anayefurahia kukosolewa kiasi kile.

Mwishoni mwa mwaka makaratasi yalikamilika. Zilibaki siku chache wapande ndege, na Zuhura hakutaka kuondoka bila kumuaga mama yake huko Rumonge. Walipanda gari, yeye na Idi, na gari lile likashambuliwa njiani. Wote wawili walikufa. Ninaliandika jambo hili kwa ufupi kwa sababu ndivyo nilivyolisikia, na kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza zaidi.

Simu ya kutoka Bujumbura ilifika Jumamosi kwa Maman Fatuma, mama yetu sote wa Schaerbeek. Hawakumpigia Tonton, na hakuna aliyetarajia wampigie. Kwetu habari ya kifo haitupwi kwenye simu. Mtu anaitwa kwenye nyumba yenye watu, analishwa kwanza, wakubwa wanakaa karibu naye kiasi cha kumshika, ndipo mmoja anasema. Jumapili asubuhi wazee walikusanyika sebuleni kwa Maman Fatuma, na mimi niliitwa kumimina chai ya tangawizi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Maandazi yalikuwa mezani yamepangwa vizuri na hayakuguswa. Imamu alikuwa Antwerpen kwenye ndoa na hakuweza kufika kabla ya jioni. Swali lilikuwa moja: azuiwe asitangaze, au aachwe? Papa Kalenga, aliyekuja na suti yake ya kanisani, ndiye aliyeamua, ingawa yeye hakuwa mtu wa dini yetu. "Bon, musikie," alisema. "Kama minamuambia leo hakuna match, atajua palepale, peke yake mu barabara. Mumuache atangaze. Akiisha kumaliza, miye mwenyewe minamuleta hapa, anakula, alors bazee banamuambia." Maman Fatuma akaunga mkono. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ile ingekuwa furaha yake ya mwisho kwa muda mrefu, na nani kati yetu alikuwa na haki ya kumpunguzia.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa najifunza kazi ya uuguzi kule Woluwe, ambako walitufundisha kwamba mgonjwa aketishwe na aambiwe ukweli siku ileile. Nilifungua mdomo. Maman Fatuma hakuninyanyulia hata macho. "Mwaju, weye kazi yako ni salamu," alisema. "Na ule uso wako, uuchunge." Nikaufunga mdomo na kukusanya vikombe. Tangu hapo nimefanya kazi hospitalini maisha yangu yote, na nimewaona madaktari wakimwambia mke wa mtu habari ile wakiwa wamesimama kwenye korido, jicho moja kwenye saa, na nimemwona mwanamke yule akishuka kupanda basi peke yake akiwa na miwani ya marehemu ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa hiyo sitawacheka wazee wangu, na yeyote atakayewacheka mbele yangu atanisikia. Lakini kila ninapokumbuka alasiri ile, hasira hunipanda upya, na sijui bado nimkasirikie nani.

Tonton alifika studioni mapema, kama kawaida, amenyoa vizuri na tai yake ya buluu. Alikuwa mchangamfu. Alimwomba Papa Kalenga amwazime kibasi cha kwaya siku ya kwenda uwanja wa ndege, maana Zuhura hawezi kusafiri bila masanduku. Papa Kalenga akajibu kwamba hakuna problème, akainama nyuma ya televisheni kushughulikia nyaya ambazo hazikuwa na shida yoyote, na akakaa huko hadi uso wake uliporudi mahali pake. Mechi ilikuwa kati ya Timu ya Nyumbani na Timu ya Bandarini. Katika kipindi cha kwanza Tonton alitangaza kwa madaha yake yote. Beki mmoja alipigwa chenga akaanguka, naye akawaambia wasikilizaji kwamba bwana huyo ameenda chini kutafuta funguo za nyumba. Nilicheka, kwa kweli nilicheka, kisha nikakumbuka. Papa Kalenga alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, mikono katikati ya magoti, midomo inatembea bila sauti. Nadhani alikuwa anasali.

Wazee walikuwa wamefikiria kila kitu: imamu, chakula, mikeka, nani atakaa kulia kwake na nani kushoto. Salamu hazikumjia yeyote akilini. Lakini kufikia mchana Schaerbeek nzima ilikuwa inajua, kwa sababu kila aliyeambiwa asiseme alimwambia mwenzake asiseme. Watu walikuwa wamekaa majumbani mwao na sauti yake inatoka redioni, wanampenda, wanamlilia, na hawaruhusiwi kumpa pole. Walichoweza kumpa ni salamu. Simu ya kwanza ya mapumziko ilitoka kwa mama mmoja wa mtaa wa tatu, akawasalimu watoto wake, akamalizia, "na weye pia Tonton, tunakusalimia sana." Nilimkatiza kwa upole na kupokea ya pili. Ya pili ilikuwa ya mwanamume anayeendesha tramu, naye akawataja jamaa zake wa Uvira haraka haraka, kisha akamsalimu mtangazaji wetu, Mungu amuweke. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke ambaye hakuweza kumaliza jina lake mwenyewe. Nilimwona Tonton akigeuza kichwa. Mwanzoni alitabasamu na kuninyooshea kidole, kama kuniambia niwakumbushe watu sharti lake.

Simu ya nne ilikuwa ya Mzee Mashaka. Huyu alikuwa Mtanzania wa mtaa wa Molenbeek ambaye siku moja, miaka miwili nyuma, alipiga simu hewani kumwambia Tonton Saidi kwamba Kiswahili chake ni kibovu na anaiaibisha lugha. Tangu siku ile hawakusalimiana. Hata siku ya sikukuu, msikitini, walipishana mlangoni kila mmoja akitazama viatu vyake, na wapatanishi wote walichoka. Sasa sauti yake ilijaa chumbani. "Hallo studio, Mashaka hapa. Leo sina mtu wa kumsalimia isipokuwa ndugu yangu Saidi. Saidi, kama nilikukosea, please, nisamehe. Sisi sote tuko na wewe." Kisha akakata.

Kwetu mtu hamwendei hasimu wake hivihivi tu. Humwendea siku ya sikukuu, au humwendea kwenye msiba, na sikukuu ilikuwa imepita. Tonton alivua kisikizi cha sikio moja na kunitazama. Nikaitazama simu. Papa Kalenga akasimama kwa pupa, akaweka kaseti ya kwaya yake, na wimbo ukaenda hewani, akina mama wa Katanga wakimsifu Bwana. Tonton alijimiminia maji kwenye glasi, akanywa yote, akaweka glasi chini taratibu. Alinitazama mara nyingine, na safari hii nadhani uso wangu, ambao niliambiwa niuchunge, ulimjibu. Akaikaza tai yake. Kwenye televisheni wachezaji walikuwa wanatoka vyumbani, mmoja anaruka ruka kupasha miguu moto. "Wanaingia," alisema, akavaa kisikizi na kusimama.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama sauti yake ilibadilika katika kipindi cha pili. Ningependa kusema ilitetemeka, lakini haikutetemeka. Alitaja kila pasi na aliyeitoa. Hakufanya mzaha tena, hilo tu, na mkono uliokuwa mfukoni ulitoka ukashika ukingo wa meza. Karibu na mwisho Timu ya Nyumbani ikapata kona, mpira ukapigwa juu, mtu akaurukia kwa kichwa na ukaingia. Nami niliwaza kwamba sasa atanyamaza, sasa atashindwa. Alilivuta lile goli lake refu kama alivyolivuta Jumapili zote, mpaka pumzi ikaisha. Maman Fatuma aliniambia baadaye kwamba nyumbani kwake, wanawake waliokuwa wanapepeta mchele waliuacha ule ungo na kulia waliposikia, wakaambiana kwamba ni vizuri walivyomwacha, angalau amefurahi. Refa alipopuliza filimbi, Tonton akatoa matokeo, akamtaja kila mfungaji. Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kulisema: "Asanteni kwa salamu zenu. Zimenifikia." Kwa Maman Fatuma, aliniambia, walitazamana, kisha wakaanza kutandika mikeka kabla hatujabisha hodi.

Papa Kalenga alizima mitambo. Alikuja akamshika Tonton begani, mtu yule mkubwa, na kumwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Kaka, twende. Maman Fatuma amepika, batu banakungojea."

"Nitakwenda," alisema Tonton. "Lakini Mwaju ataniambia kwanza." Akaketi. Sikuwahi kumwona ameketi mbele ya maikrofoni ile. Alinitazama usoni, bila ukali. "Niambie, mwanangu. Ni Zuhura, ao ni Idi?"

Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa amesimama na nini kipindi chote kile. Alijua kuna kifo, lakini kwa jinsi mambo yalivyokuwa, akilini mwake kilikuwa kimoja. Hakukuwa na imamu pale, hakukuwa na chakula wala mkeka, na mkubwa mmoja aliyekuwepo alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. Nikapiga magoti ili nisimwambie kutoka juu, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia ni wote, Tonton, ni wote wawili, njiani kwenda Rumonge.

Hakulia wakati ule. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Kisha akasema polepole, kwa lugha ile ambayo Mzee Mashaka aliiita mbovu, "Kipindi kizima nilikuwa ninamuomba Mungu aniachie mumoja. Na nilikuwa nimeisha kumutaja ni nani." Akanyanyuka, akanisaidia na mimi kunyanyuka, na tukashuka ngazi. Hakutangaza tena mpira maisha yake yote. Hakuniambia alimtaja nani, nami sikumuuliza, si siku ile wala miaka yote iliyofuata.